Bahasha ya 117

Siku ya thelathini simu yake haikupokelewa.
Nilipiga asubuhi, nikapiga saa saba,
nikapiga jioni umeme ulipokatika.
Mteja hapatikani, alisema dada wa mtandao
kwa sauti ya mtu asiyewahi kupasuliwa.

Kwenye daftari letu watu hao huitwa *waliopotea*.
Daktari Mwambene hulitamka neno hilo
kama aliyeng'ata kokoto kwenye wali wa Kyela.

Basi nikapanda bodaboda, Uyole hadi Isyonje.
Juni. Ukungu umelalia pareto,
dereva kavaa makoti mawili, na soksi mikononi.

Nilimkuta sokoni, Atupakisye Mwasumbi,
miaka arobaini na mmoja, utumbo uliojisokota,
mkato wa katikati, sentimita kumi na tisa,
ameketi juu ya debe lililofudikizwa,
shazia mkononi,
anashona lumbesa.

"Ugonile," akasema, mkono hausimami.
"Nilijua utakuja. Watu wa karatasi hamchoki."

Nikauliza yaliyoandikwa, kama yalivyoandikwa.
Homa? Mara mbili, wiki ya pili.
Usaha? Kidogo, kama maji ya mchele.
Umeinua kitu kizito?
Akacheka hadi akashika tumbo,
akaacha kucheka kwa sababu ya tumbo.

"Mlinikataza ndoo. Ndoo sikuinua.
Gunia hamkulitaja."

Nyuma ya turubai akafungua kitenge.
Chini, vidole viwili kabla ya mwisho,
kidonda kimefumbuka: mdomo mdogo, mwekundu,
umebaki wazi kama wa mtoto aliyesahau alichotaka kusema.
Nikaupima kwa rula ya karatasi. Milimita kumi na nne.
Nikapiga picha, bila uso.

Ndipo akaniuliza yeye.
"Ndani nilishonwaje? Uzi wa mfululizo, au fundo fundo?
Maana sisi hapa tunajua.
Mfululizo ni wa haraka, jioni umemaliza lori,
ila ukikatika mahali pamoja
viazi vyote vinakusalimia barabarani.
Fundo fundo linachelewa, linakula kamba,
lakini moja likifa, majirani wanashika."

Nikamwambia kweli: sijui.
Bahasha ilifunguliwa chumba cha upasuaji, ikafungwa palepale.
Anayekuja kuuliza haruhusiwi kujua uzi,
asije akaona anachotamani kuona.

Alinitazama, shazia imesimama kwa mara ya kwanza.
"Yaani umepita baridi yote hii
uje kunitazama umefumba macho?"
"Ndiyo, dada."
"Haya. Kuna waliofumbua, na hawakuja."

Nikatia alama. Maambukizi: ndiyo.
Mshono kuachia: ndiyo, kwa sehemu.
Chini kabisa palibaki *Mengineyo*, mstari mfupi kama ukucha.
Nikaandika: magunia kumi na manne kwa siku, tangu siku ya tisa.
Mume yuko Chunya, hajatuma. Mtoto ana mtihani.
Kalamu ikavuka mstari, ikapanda pembeni,
kule ambako kompyuta haisomi.

Nikamwachia barua ya rufaa na nauli.
Binti yake, Tusekile, akapokea shazia
bila kuambiwa.

Novemba bahasha zote zilifunguliwa.
Wagonjwa mia mbili na arobaini, nyuzi za aina mbili,
na tofauti nyembamba
ambayo Chaula wa takwimu alisema inaweza kuwa bahati tu.
Daktari Mwambene hakujibu. Alikuwa anasoma pembezoni,
fomu moja moja, kaigeuza karatasi ubavu.
Kisha akachukua maelekezo ya kuruhusiwa nyumbani,
pale paliposema *usiinue ndoo*,
akaongeza kwa mkono: *wala gunia*.
Kalamu ikabaki hewani,
kama inayongoja kuambiwa nani ataliinua.

Nilimpigia. Safari hii alipokea.
"Mfululizo," nikamwambia.
"Nilijua," akasema. "Mlikuwa na haraka."
Nyuma ya sauti yake kamba ilikuwa inapita kwenye nailoni,
inavutwa, inasimama,
inavutwa.