Unamtafuta Nani?

Ofisini wameniambia Bwana Ntahondi kaenda Kasulu,
muhuri kaufungia kwenye droo, ufunguo kaondoka nao.
Njoo Jumatatu.
Leo Ijumaa, saa nne na nusu,
nami nimetoka Kaliua na bahasha moja ya kiinua mgongo,
nimelala nimekaa, kichwa dirishani,
kwa ajili ya sahihi ya mtu aliyekwenda Kasulu.

Nikarudi stesheni, nikasimama
pale reli inapokatika kama sentensi
ya mtu aliyeitwa chakula.
Mbele yake ni maji tu.
Miaka thelathini na moja nimeipungia bendera ya kijani
treni iendayo huku;
leo ndiyo nimeona ilikokuwa ikienda.

“Mzee, unamtafuta nani?”
Nikamwonyesha mlinzi bahasha. Akaridhika.

Nikashika njia ya Kibirizi, mguu mosi, mguu pili.
Mwezi umepevuka wiki hii, taa za mitumbwi zimelala;
dagaa hawadanganyiki na karabai
mbingu ikiwa imewasha ya kwake.
Mchanga wa kuanikia umefagiwa, mtupu,
una mistari kama kichwa kilichosukwa jana.
Kunguru wanakwenda juu yake, mikono nyuma,
kama wadai.
Chini ya turubai mwanamke anamsuka mwenzake,
na anayesukwa anamenya karanga bila kuinua shingo.

“Unamtafuta nani?”
Simtafuti mtu.
Wakatazamana.
Mtu mzima, mchana kweupe,
kachomekea shati, hamtafuti mtu!
“Wa ushuru huyo,” nikasikia nyuma yangu,
na mizani ikafunikwa khanga.

Sijawahi kutembea hivi.
Kwetu mguu una kazi yake:
kisimani, shambani, msibani, zamu ya usiku.
Bibi yangu alisema mtembea bure si sawa na mkaa bure,
ila alisema hivyo akiwa amekaa.

Jumamosi nikafika Ujiji.
Harufu ya mawese ilinitangulia kona moja.
Fundi cherehani alikuwa mlangoni
anapiga pasi ya mkaa koti la marehemu.
“Kalilipia,” akaniambia, kana kwamba nimemuuliza,
akapuliza majivu, akageuza mkono wa pili.
Mbuzi wawili walikuwa wamekaa katikati ya barabara
na pikipiki ikawazunguka kwa adabu.
Nikageuka kushoto kwa sababu kulikuwa na kivuli.
Nikageuka tena kushoto, bila sababu.
Nikamkuta tena fundi, na koti limekwisha.

Karibu na maji, mama mmoja anakaanga migebuka.
Mwavita, alivyoitwa na jirani aliyekuja kuomba chumvi.
Nikajiandaa kusema: simtafuti mtu, wala si wa ushuru.
Akasogeza kigoda kwa mguu.
“Umechoka?”

Swali jepesi.
Nikatazama ziwa. Agosti, moshi wa mashamba umetanda,
Kongo imefutika, maji hayana ng’ambo.
Samaki mmoja ukaiva, wa pili ukageuzwa,
na mimi bado natafuta jibu
kwenye miaka yote ile ya kusimama wima
nikiangalia madirisha yakipita.
Hakunihimiza.
Akaniwekea ndimu.

Jumapili sikuandika popote nilikopita.
Nilivua viatu, hilo nakumbuka,
na usiku ziwa lilikuwa jeupe, halina taa hata moja,
mbwa akalibwekea kidogo, akaacha.

Jumatatu, saa mbili kamili, Bwana Ntahondi yupo.
Akafungua droo. Akapiga muhuri, akasaini bila kusoma,
yote yasifike hata pumzi tatu.
“Pole, mzee, tumekukalisha bure.”
Nikainama kuchukua bahasha,
na mchanga wa Kibirizi ukamwagika kutoka kwenye pindo la suruali,
kiasi cha kijiko kimoja,
juu ya sakafu yake iliyopigwa deki sasa hivi.
Akautazama. Akanitazama.
Sikuufagia.