Miswaki Mikavu

Januari. Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
na bweni la wilaya linanuka makaa ya mawe na soksi.
Mimi ndiye muuguzi: chumba kimoja, mizani moja,
kabati la dawa lisilofungika,
na simu ya idara yenye programu ya afya.
Mtoto akipiga mswaki, abonyeze jino.
Jino ligeuke kijani.

Wiki tatu, kijani.
Watoto sitini na wawili, asubuhi na usiku, kijani tupu,
kama nyika ya Mongolia baada ya mvua za Julai.
Mkoa ukanitumia alama ya dole gumba.
Nilivimba kichwa, sitaficha.

Kisha akaja Enkhzul, analia, shavu limeumuka kama andazi.
Nikamwambia, fungua.
Nikaliona shimo.

Usiku ule niliingia bafuni na tochi,
nikaigusa miswaki, mmoja baada ya mwingine.
Mikavu.
Mikavu kama mfupa wa kondoo uliosahauliwa juani.
Bomba lilikuwa limeganda tangu mwaka mpya
na hakuna aliyeniambia,
maana programu ina vitufe kumi na viwili
na hakuna hata kimoja cha kusema: maji hakuna.

Mbonyezaji alikuwa mmoja. Gantumur, miaka tisa,
kitanda cha juu, karibu na dirisha.
Alizijua namba za siri za bweni zima,
akiwabonyezea wenzake meno chini ya blanketi.

Kwa nini?

“Mama huangalia. Kila Ijumaa hupanda kilima na farasi
mpaka pale mtandao unapofika.
Akikuta kijani, hushuka ametulia.
Akikuta nyekundu atasema naumwa,
ataacha mbuzi, atakuja,
na dhoruba itamkuta njiani.”

Na wenzako je?

“Nao wana mama.”

Nina cheti ukutani. Hakikunisaidia kitu.

Asubuhi tuliyeyusha barafu kwenye sufuria ya supu,
mpishi Dulamsuren akinung'unika kuhusu kuni zake.
Nikampa Gantumur simu ya idara: haya, rekodi.
Akarekodi mvuke, na foleni ya vikombe,
na Enkhzul akisukutua upande mmoja tu,
povu likimdondokea kifuani.
Akarekodi bomba pia, kwa karibu sana,
ndevu za barafu zikining'inia mdomoni mwake.
Tukaituma kwa wazazi. Tukaituma na mkoani.
Mkoa haukunyanyua dole.
Fundi alifika Machi, barafu ikiwa imeshaanza kulia yenyewe.

Siku hizi ubao wangu una mekundu kumi na moja.
Nayaamini.

Lakini ile Ijumaa:
sauti iliingia kwenye simu, upepo kwanza,
halafu farasi akipumua,
halafu mwanamke aliyeishiwa pumzi.
“Nimeona wote. Sikukuona wewe.
Fungua mdomo, mwanangu, nikuangalie.”

Ilikuwa sauti tu, tena ya saa nne zilizopita;
mama alikwisha shuka, alikwisha kamua mbuzi.
Gantumur akaisogeza simu usoni
akapanua kinywa mpaka macho yakafumba,
akakaa hivyo, kimya, amepanua,
na mimi nikasimama nyuma yake na tochi,
nikimmulikia.