Filamu Yetu Inaishia Kitonga

Daftari hili nililinunua dukani kwa Tumpe, Tukuyu,
kwa hesabu za mbolea ya chai.
Ukurasa wa kwanza bado ni mbolea.
Wa pili nimeandika kwa wino mwekundu:
Kyejo Picha. Kukodi kamera ya harusi, siku tatu.
Betri. Maandazi ya waigizaji.
Sabuni ya kutolea damu.

Ambakisye alikuwa fundi redio.
Alisema, tutapiga picha mvua ikikatika.
Tukuyu! Mvua ikikatika!
Tukangoja Machi, tukangoja Aprili,
Mei akakata tamaa akaiandika upya hadithi,
watu wote wawe wamelowa tangu mwanzo.
Ndiyo maana hakuna filamu yetu yenye jua.
Mgeni mmoja wa Dar aliitazama, akatusifu
kwa jinsi tulivyoijenga huzuni.
Tukaitikia, asante.

Kinasa sauti tulikifunga kwenye mpini wa jembe,
tukakivika sweta ya mama yake Lugano
ili upepo usikisemeshe.
Bado bati lilimeza nusu ya maneno.
Katika *Chungu cha Isyonje* mume anaungama kosa lake
na hakuna aliyewahi kulisikia,
hata sisi; Gwamaka aliyelisema amelisahau.

Jeneza: kuazima, bure.
Fundi Mwakibete alitaka lirudi bila mkwaruzo.
Gwamaka akalala humo akiwa mjomba marehemu,
akalala kweli, akakoroma.
Tulioinama kumlilia tulicheka hadi mabega yakatutikisika,
na kwenye picha, wallahi, ni kilio cha kupasua kifua.
Jumatatu tukalirudisha. Alhamisi likauzwa.
Hatukuuliza kwa nani.

Tulionyesha filamu kwenye ghala la ushirika,
shuka mbili zimeshonwa pamoja, jenereta nje.
Katikati ya msiba wetu wa uongo
Bibi Anyegile akasimama mbele ya mwanga,
kivuli chake kikafunika ukuta mzima.
"Lile ni la mume wangu."
Jenereta peke yake ndiyo iliyoendelea kusema.

Kesho yake Ambakisye alimwita kibandani.
Alitafuta kipande tulichokitupa:
Gwamaka anaamka, anapiga mwayo,
anatoa mguu mmoja, anatafuta kiatu, anatoka.
Bibi akatazama. Akasema, rudisha.
Akatoka tena.
Rudisha.
Nimeandika hapa: dizeli ya ziada, lita moja.
Sikuandika ya nini.

Filamu saba tulianza. Tano zilikwisha.
Diski zetu tulizikuta zinauzwa Mwanjelwa
kabla hatujazichapa, na jalada lao
lilikuwa zuri kuliko letu.
Ndipo tukampa konda wa basi la Dar elfu ishirini
aionyeshe *Nguo za Marehemu Ziko Wapi* njiani.
Akaiweka Mafinga, kama tulivyokubaliana.
Lakini Kitonga ikianza kushuka dereva huzima kila kitu,
hataki kelele kwenye kona,
na chini kule, watu wakishakula wali, konda huweka mahubiri.
Basi nchi hii ina watu wengi
wanaoijua filamu yetu hadi Kitonga.

Juzi Makambako, nikingoja gari la kurudi,
mwanamke mwenye debe la viazi alinikazia macho.
"Si wewe uliyekuwa wifi? Yule mjane
sanduku alilifungua?"
Nikamwambia alilifungua.
Mwaka jana kijana wa Uyole nilimwambia alilichoma.
Mwisho wenyewe ninao kabatini,
mjane amesimama tu, mvua inanyesha,
na kidole cha Lugano kimeziba kona ya picha.

Ambakisye siku hizi anatengeneza simu.
Akinipigia usiku husema, Subilaga, nina hadithi,
safari hii watu wawili tu, na paa la nyasi.
Nafungua daftari. Zimebaki kurasa kumi na moja.
Namkumbusha kwanza deni la juu kabisa,
ambalo tangu mwaka ule hajalipiga mstari:
sweta, moja, ya bluu.
Mama yake Lugano bado anaiulizia kila kipupwe.