Pumzi ya Tangi

Dukani Kondele alinisifia ile nene,
geji kumi na tano: "Hii ndiyo ya wanaume,"
akitazama hereni zangu.
Nikatoa mfukoni kipande cha mvule,
chembamba kama ulimi wa mbuzi.
"Piga hapa."
Kikapasuka mbele ya wateja.

Nikachukua ndogo, geji kumi na nane.
Hiyo iling'ata mti ikaacha
kitundu cha kuzibwa kwa nta na ncha ya kidole.

Baba hakuwahi kuishika.
Milango aliyoipamba pale Kibuye
utaijua kwa hilali za nyundo kando ya kila msumari,
na gumba lake lilikuwa jeusi mwaka mzima.

Leo niko Riat, fremu ya mwisho.
Kompresa inanguruma uani, mbwa wa jirani anaijibu.
Nagandamiza pua kwenye mbao, navuta. Tsa. Tsa.
Mkono wa kushoto mbali:
msumari ukikutana na fundo
hupinda, ukatokea usikoutarajia.
Kovu la kiganja changu ni shahidi.

Kisha stima inapotea.

Mshale wa presha unasoma tisini.
Tangi bado lina pumzi, nami nabana
kama mwenye chenji ya mwisho:
miwili kona ya juu,
miwili ya chini,
wa tano unakwama kichwa nje,
mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Mwenye nyumba anauliza, tungoje?
Natia mkono chini kabisa ya mfuko wa zana,
kwenye mpini uliolainishwa na jasho lisilo langu.

Polepole, baba. Bila hilali.