Nafasi Haitoshi

Lamzira aliingia dukani theluji ingali mabegani,
simu yake ndani ya soksi ya sufu,
akaitua juu ya kioo taratibu, kama mtu alazaye yai.
"Imeshiba," akasema. "Inakataa hata picha moja."

Nikaifungua. Giga kumi na sita,
tisa kachukua mfumo wenyewe:
mwenye nyumba kalala vyumba vyote,
wapangaji wanabanana ukumbini.

Habari za uzito hakuhitaji kufundishwa.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la waya
juu ya korongo la Chiatura,
wachimba manganisi kumi na wawili kwa safari,
na wa kumi na tatu, hata awe shemejiye,
aliambiwa: subiri linalofuata.

Nikamwonyesha kadi, ndogo kama ukucha, lari kumi na nane.
"Kadi ya kumbukumbu," nikasema.
"Za nani?" akauliza.

Mipangilio. Programu. Hifadhi. Hamisha.
Hali ya hewa ikavuka.
Duka la dawa likavuka, na mchezo wa karata,
na kamusi ya Kiitaliano aliyoishia herufi ya tatu.
Benki ikagoma.
Na kile kidude cha bei za hisa kilichokuja na simu,
ambacho hajakigusa hata kwa bahati mbaya,
hakihami, hakifutiki, kimekaa kitako
kama mjomba wa bibi harusi.

Tukafika kwenye ile ya kupigiana.
Natela, bintiye, yuko Bari, anaogesha mama wa wenyewe;
saa saba mchana, akishamlaza bibi yule, humpigia wa kwake.
Nikaeleza: ukiihamisha itafunguka kwa uvivu,
na kadi ikitoka, haiiti.
"Hiyo kaa nayo ndani," akasema,
kana kwamba simu ni yangu.

Alhamisi akarudi, kanuna.
Programu zimegeuka kijivu: majina yapo, roho hazimo.
Nikafungua mgongo wa simu. Tundu tupu.
"Kadi iko wapi, mama?"
"Kwenye kopo," akasema, "pamoja na hati ya nyumba
na saa ya marehemu Tengizi. Wewe si ulisema ni kumbukumbu?
Ningeiacha izurure nami sokoni?"

Nilicheka, kisha nikaona haya.
Akaenda kuileta, dakika arobaini,
kupanda na kushuka kwa lile gari jipya la waya
ambalo halina wa kukwambia subiri.

Tukairudisha. Simu ikasoma, ikasita, ikasoma tena.
Rangi zikarejea moja moja, karata kwanza,
hali ya hewa mwisho: theluji, kama vile hatukuiona.

"Una giga tatu tupu," nikamwambia. "Piga picha utakavyo."
Hakupiga.
"Safari ya kwanza ya alfajiri," akasema,
"tulilivusha gari bila mtu.
Siyo kwamba watu hawakuwapo. Walikuwapo,
wanapigapiga miguu kwa baridi, wanatutukana.
Tulikuwa tunausikiliza waya."

Ilikuwa saa saba kasorobo.
Akaishika simu kwa mikono miwili,
nami nikaacha kufagia.