Wati Tano

Kwanza nilileta balbu nyeupe.
Mama akaitazama, akavuta leso kifuani.
"Hii ni taa ya wodi. Nani anaumwa hapa?"
Kweli, ukuta wa udongo ulikuwa umepauka,
nyufa zote zimejitokeza,
na sisi wawili tukala mrenda kimya
kama watu wanaongoja kuitwa na daktari.

Kesho yake nikateremka tena Chavakali,
kwa Mudogo wa duka la waya na soketi.
"Nipe isiyo nyeupe. Ile ya rangi ya…"
nikakosa neno.
Mudogo akanimalizia: "Ya chai ya maziwa."
Wati tano. Akaifunga kwa gazeti kama yai.

Nyumba hii imewahi kuonja moto.
Nilikuwa darasa la tatu; mwanambuzi
aliipiga kumbo koroboi, pazia likashika,
na Mama akauzima kwa viganja
kwa sababu ndoo ilikuwa tupu.
Hadi leo kidole chake cha mwisho hakinyooki.
Akihesabu pesa, kinabaki kimeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Halafu kuna vile vidato vya nyuma, vya kwendea chooni.
Vitatu tu, lakini cha pili ni kifupi kuliko wenzake.
Mwezi wa nne, usiku wa mvua, kilimwangusha.
Hakuniambia. Kavere, jirani, ndiye aliyepiga simu.
Mama alisema ameteleza "kidogo",
kana kwamba nyonga inajua kidogo ni nini.

Basi pale nikafunga kitaa, saizi ya kifuniko cha soda,
chenye jicho: ukikaribia, kinaamka;
ukishapita, kinahesabu kimoyomoyo, kinalala.
Usiku wa kwanza nilimsikia akitoka.
Mwanga ukachungulia chini ya mlango.
Mama akasimama. Akasema, kwa heshima kabisa,
"Asante. Usijisumbue, ni mimi Kageha tu."

Siku hizi anazisoma tarakimu za mita kwa sauti,
kama anakagua daftari la mdeni.
Tokeni ya shilingi hamsini,
aliyozoea kuiona ikiyeyuka kama samli kikaangoni,
sasa inafika Jumapili, inapita, haigeuki nyuma.
Na jioni, chini ya ile rangi ya chai,
ukuta unafanana na mkate.
Nyufa zimo, lakini zimesinzia.
Ametoa sindano, anashona vifungo
vilivyongoja tangu Baba yuko hai.
Anaupata uzi tundu mara ya tatu,
zamani ilikuwa mara ya kumi na matusi.

Koroboi bado iko juu ya kabati,
imepanguswa masizi, haina hata tone la mafuta.
Nikamuuliza mbona haitupi.
Hakuinua macho kwenye kifungo.
"Ilikusomesha," akasema. "Na iliniunguza.
Wacha ikae hapo. Itazame."