Unyaufu

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Tandahimba.
Miaka kumi na tisa napima magunia ya wenzangu,
naandika kilo, nakata unyaufu,
natukanwa kwa Kimakonde na kwa Kiswahili,
maana mkulima haamini kwamba korosho
hulala ghalani usiku mmoja ikaamka nyepesi.

Siku hizi nafika kabla ya watu.
Navua viatu, natoa funguo, natoa simu,
napanda pale yanapopandishwa magunia.
Mshale unatikisika, unatulia:
themanini na tisa.
Nilipotoka hospitali na mshono wangu, sitini na mbili.

Kwa kilo hizi hakuna anayenitukana.
Sokoni wananishika mkono: Chilumba, umenawiri!
Mama Nandonde wa vitumbua huniongezea viwili,
"Mwaka juzi fulana ilikuvaa wewe."
Uso umekuwa duara kama sinia
nao wanadhani ni shibe.
Ni vidonge. Vile vidogo vya asubuhi
vinavyomtuliza mwenyeji asimfukuze mgeni,
vimekuja na njaa isiyo na adabu:
saa nane usiku niko jikoni, nakwangua ukoko gizani,
mwizi katika nyumba yangu mwenyewe.

Enzi za mashine nilinyimwa kila kitu.
Kisamvu, mbaazi, ndizi, tui la nazi;
korosho, mimi ninayelala na harufu yake, hata punje.
Maji nilipimiwa kwa kikombe cha kahawa.
Nikajiapiza: nikipona, nitamlia yule mgonjwa vyote alivyonyimwa.
Nikapona. Nikamlia.
Nikawalia na wawili wa vitanda vya jirani
ambao hawakutoka.

Figo ni ya Somoe, dada yangu wa Newala.
Alikuja wiki ya mnada wa kwanza.
Hakusema umenawiri.
Alikaa mkekani akanitazama namaliza ugali wa muhogo,
navuta na bakuli la ming'oko,
akaweka kiganja ubavuni, pale alipopasuliwa:
"Ile ilizoea kuhudumia kilo hamsini na tano.
Nilikupa uishi nayo.
Sikukupa uibebeshe magunia."
Kisha akaomba chumvi.
Asumini, mke wangu, akamjibu haiji mkekani siku hizi.
"Basi mmeanza," akasema, akala mchuzi ule mpooza
mpaka mwisho, bila kukunja uso.

Muuguzi wa kliniki ana karatasi ya picha:
sahani, nusu yake majani mabichi yaliyooshwa mara tatu,
na balungi lililopigwa msalaba mwekundu,
eti halipatani na dawa.
Mbalungi uko mlangoni kwangu, niliupanda kwa mkono huu.
Watoto wa jirani wanachuma; mimi nawahesabia.
Uraka ukianza kunukia mitaani
sizibi pua, nabadilisha njia.

Tembea, akaniambia pia.
Natembea barabara ya Mahuta jua halijakaza.
Kila pikipiki inapunguza mwendo:
"Karani, gari limekufa?"
Nikawaeleza wawili watatu, nikachoka.
Sasa nasema ndiyo, limekufa.

Kuna siku nashindwa. Jumapili, harusini,
pilau ilinishinda, sahani mbili, sikumtazama Asumini.
Jumatatu mshale ulisema kila kitu.

Leo, themanini na nane na nusu.
Nusu kilo, imekwenda wapi sijui,
imetoka usiku kama inavyotoka kwenye korosho.
Naiandika nyuma ya daftari, safu ya unyaufu,
safu iliyonipa maadui nusu ya wilaya.

Mzee Mahupa amewahi, gunia liko begani kwa mwanawe.
Ananikuta nashuka mizanini, miguu mitupu.
"Karani! Hata wewe wanakukata?"
Wananikata, mzee.
"Na umekubali?"
Nimekubali. Weka gunia.